Teksi na kiti cha magurudumu: miezi ishirini na miwili ya kusubiri mlangoni

Nianze na alama, maana najua wengine mnasoma mistari mitatu mkiwa kwenye foleni. Dereva wetu wa Ijumaa, mwenye teksi ya stendi: kumi kwa kumi. Teksi nyeusi za London: tisa. Kampuni kubwa ya kuagiza kwa simu hapa mjini kwetu: tatu, na hizo tatu ni za binti anayepokea simu zamu ya usiku, si za kampuni. Mwenye nafasi aendelee kusoma, nitaeleza kila alama imetoka wapi.

Mume wangu alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Sukari. Ni mtu wa Tanga, mrefu, kilo tisini na mbili, aliyebeba makasha ghalani miaka kumi na minane tangu tuje Uingereza. Mguu wa bandia anao, lakini kigutu kikivimba havai, na wiki za kutovaa ni nyingi kuliko za kuvaa. Tunaishi mji wa katikati ya nchi, si mkubwa, si mdogo. Mwendo wetu wa wiki ni huu: kliniki ya miguu Jumanne, msikitini Ijumaa, na juu yake harusi na misiba, ambayo kwa Waswahili wa huku haikosekani. Mimi siendeshi gari. Basi la mtaani kwetu lina nafasi moja ya kiti cha magurudumu na mara nyingi imeshachukuliwa. Kwa hiyo teksi. Nimehifadhi risiti zote kwenye bati la biskuti, na nilipozihesabu mwezi uliopita zilikuwa zimepita mia mbili.

Hapa England, nje ya London, leseni za teksi hutolewa na halmashauri ya mahali, na kuna aina mbili ambazo sisi wageni huzichanganya. Kuna teksi ya stendi, ambayo kwenye karatasi huitwa hackney. Hii ina taa juu ya paa, inaruhusiwa kungoja stendi na kupungiwa mkono barabarani, na kiwango cha juu cha nauli yake hupangwa na halmashauri na kusomeka kwenye mita. Sheria yake mama ni ya mwaka 1847, enzi za farasi. Halafu kuna teksi ya kuagiza. Hii huwezi kuisimamisha njiani. Lazima uagize kwanza kupitia kampuni yenye leseni, na bei hupanga kampuni. Yenyewe inatawaliwa na sheria ya 1976. Zote mbili hubeba kibao cha leseni nyuma ya gari, chenye jina la halmashauri na namba. Kisomeni hicho kibao. Mimi miezi sita ya mwanzo sikukisoma, na nitaeleza kilichotupata.

Hapa kwetu halmashauri haitoi leseni mpya ya teksi ya stendi ila kwa gari ambalo mtu anaingia akiwa amekaa kwenye kiti chake. Waliokuwa na leseni za zamani waliachiwa magari yao madogo. Upande wa teksi za kuagiza hakuna sharti kama hilo, mtu anasajili Prius yake na maisha yanaendelea. Matokeo yake ndiyo haya: magari yenye rampu, yaani ubao wa mteremko wa kupandishia kiti, mengi yako stendi ya treni, na simu za watu wote zinakwenda kwenye kampuni ambayo magari yenye rampu inayo manne au matano. Mtu asiyejua anapiga simu kampuni, anaambiwa "hatuna," anarudi ndani kuvua koti. Sisi tulivua makoti mara nyingi sana.

Siku ya kwanza kabisa siisahau. Miadi ya kliniki ilikuwa saa tatu asubuhi. Nimeagiza tangu jana yake, nimetaja kiti cha magurudumu mara mbili, nimeandikiwa ujumbe wa kuthibitisha. Saa mbili na nusu tuko mlangoni, mzee amevaa sweta la buluu, blanketi magotini. Likaja gari dogo. Dereva alitazama kiti, akatazama buti lake, akasema buti lina vitu. Akaondoka. Hakushuka hata kufungua mlango. Mzee hakusema kitu. Alishika magurudumu yake mwenyewe akajigeuza kurudi ndani, na mimi nikabaki nje na simu mkononi.

Yule dereva alikuwa na wajibu, ila mimi sikujua. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ilikuwa na kifungu cha 165 kinachomtaka dereva wa gari lililoorodheshwa kuwa linaingia kiti cha magurudumu ambebe abiria akiwa kwenye kiti chake, asimtoze zaidi, amsaidie kuingia na kutoka, na ahakikishe anakaa salama na bila taabu. Lakini kifungu hicho kilikaa miaka bila kutumika hadi Aprili 2017, na hata baada ya hapo kiliwabana tu madereva wa halmashauri zilizoamua zenyewe kutunza orodha ya magari hayo. Nyingi hazikuamua. Mwaka 2022 ikapita sheria nyingine iliyoziba tundu: tangu tarehe 28 Juni mwaka huo kila halmashauri lazima iwe na orodha na iitangaze, na wajibu wa kumbeba mwenye ulemavu bila kumwongezea bei umewafikia madereva wa teksi zote, za stendi na za kuagiza, hata wa gari dogo la kawaida. Mwenye gari dogo hawezi kulazimishwa kuingiza kiti kisichoingia. Lakini ikiwa abiria anaweza kuhamia kwenye siti na kiti chake kinakunjika, dereva anatakiwa akibebe kama inawezekana kwa hali ya kawaida. Cha mzee kinakunjika. "Buti lina vitu" si jibu. Akikataa bila sababu, faini yake mahakamani inafika pauni 1,000.

Nilisoma hayo usiku mmoja mzee akiwa amelala, na nililia. Si kwa hasira. Nililia kwa sababu kuna mtu alikaa akaandika, kwa maneno ya sheria, kwamba mume wangu asiachwe mlangoni.

Lakini ukitoka kwenye karatasi ukarudi barabarani, unaona pengo lilipo. Sheria inamshika dereva aliyekuja. Haina mkono wa kumleta ambaye hakuja. Kampuni ya kuagiza nayo imekatazwa kukataa oda kwa sababu ya ulemavu, ila ina mlango wa kutokea: ikiwa kwa wakati ule haina gari linalofaa, inasamehewa. Na "hatuna gari" ndilo neno nililolisikia kuliko maneno yote ya Kiingereza mwaka ule.

Binti wa zamu ya usiku ndiye aliyeniambia ukweli ambao mameneja wake hawakuwahi kuniambia. Nilimpigia saa tano usiku kuulizia Jumanne, akanyamaza kidogo, akasema: mama, usiagize saa tatu asubuhi, utahangaika bure. Saa mbili hadi saa tatu na nusu asubuhi, na saa nane hadi saa kumi alasiri, magari yenye rampu yote yako kwenye kandarasi za shule, yanabeba watoto wenye mahitaji maalumu. Omba kliniki wakuwekee saa tano. Nikaomba, wakaniwekea saa tano na nusu, na tangu siku hiyo Jumanne zetu nyingi zimenyooka. Sina kinyongo na wale watoto, Mungu awakuze. Ila fikirini: mji mzima, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi kwenda popote saa ambazo kila mtu anakwenda kazini, na hakuna mahali palipoandikwa. Unaambiwa na binti mwenye huruma saa tano usiku.

Sasa bei. Kwenye programu ya simu ya ile kampuni unachagua aina ya gari. Kutoka kwetu hadi hospitali, gari dogo: pauni 8 na peni 50. Ukichagua alama ya kiti cha magurudumu: pauni 14. Njia ileile, saa ileile. Nilipiga nikauliza, nikajibiwa ni bei ya gari kubwa. Nikasema mimi sikuomba gari kubwa, sisi ni watu wawili. Nimeomba gari ambalo mume wangu anaingia. Wakarudia lilelile. Nilipiga picha kioo cha simu, bei zote mbili pembeni kwa pembeni, nikafanya hivyo wiki sita mfululizo. Nikazipeleka ofisi ya leseni ya halmashauri pamoja na tarehe, saa na namba za vibao. Wiki ya tano wakanijibu kwa barua. Nilirudishiwa pauni 61, na mwezi uliofuata bei mbili zile zikawa moja. Zile alama tatu zinabaki za binti, ingawa nakiri kwamba kampuni ilipobanwa ilirekebisha. Lakini haikuwa kazi yangu mimi kuwabana.

Kuna namna nyingine ya kutoza zaidi, ya kimyakimya, nayo ni mita. Dereva mmoja wa stendi aliwasha mita kabla hajashusha rampu. Tukamaliza kufunga mikanda mita inasoma pauni 3 na zaidi kuliko ilivyopaswa kuanza, na gari halijasogea inchi. Mwongozo wa serikali uko wazi kwamba mita isitembee wakati abiria anapandishwa, anafungwa au anashushwa. Nilimwambia taratibu. Alizima, akaanza upya, akaomba radhi, akasema hajawahi kuambiwa. Namwamini. Wengi wao hawajaambiwa, na hilo si kosa la dereva peke yake. Kuna halmashauri zinazomtaka dereva apite mafunzo na aonyeshe kwa vitendo kwamba anajua kufunga kiti kabla hajapewa leseni. Natamani zote zingefanya hivyo, kwa sababu ya hili ninalolisimulia sasa.

Ilikuwa Machi, mvua. Gari lilikuja la kampuni nyingine, tuliyoipata kwa kubahatisha. Ven ndefu, mlango wa pembeni. Dereva alimpandisha mzee vizuri, akafunga breki za kiti, akafunga mlango, akaondoka. Nikamuuliza mikanda. Akasema breki inatosha, ni karibu tu. Kwenye mzunguko wa pili kiti kiligeuka robo nzima, na kigutu cha mzee kikagonga nguzo ya mlango. Sauti aliyotoa mume wangu sijawahi kuisikia miaka thelathini na moja ya ndoa. Kidonda kikafunguka, tukarudi wiki tisa nyuma.

Kwa hiyo mwenye mgonjwa anayesoma hapa, jifunze hili kama unavyojifunza dozi ya dawa. Kiti kikishaingia, mikanda minne: miwili mbele, miwili nyuma, imefungwa kwenye fremu ya chuma. Si kwenye magurudumu, si kwenye mikono ya kiti. Ikishakazwa, tikisa kiti, kikicheza, bado. Halafu mkanda wa mtu mwenyewe, begani na nyongani, ulale juu ya mwili na si juu ya mikono ya kiti. Breki za kiti peke yake hazitoshi. Ukisimama mlangoni ukayataja hayo kwa utulivu, dereva mzuri atafurahi kwamba unajua, na asiyejua atajifunza. Wewe usikubali gari liondoke. Mimi nilikubali mara moja.

Nilipotaka kulalamika, ndipo kile kibao cha leseni kilipotuumiza. Kwenye risiti kulikuwa na jina la kampuni ya hapa. Nilipopata picha ya gari, kibao kilikuwa cha halmashauri ya mbali, mwendo wa saa mbili. Kumbe inaruhusiwa: tangu 2015 kampuni yenye leseni sehemu moja inaweza kuipitisha oda yako kwa kampuni ya sehemu nyingine, na gari likafanya kazi mbali na lilikosajiliwa. Hivyo halmashauri yetu haikuwa na leseni ya kumnyang'anya yule dereva. Ilibidi niandike kwa wale wa mbali. Na orodha ya magari ya viti vya magurudumu inayotangazwa na halmashauri yetu ina magari iliyoyasajili yenyewe tu. Wale wa mbali waliniandikia kwamba wamelishughulikia. Sijaambiwa zaidi, na mzee alisema niache, ana mengine ya kufikiria.

Naruka kwenda London, maana ndiko nilikoona inavyowezekana.

Agosti tulikuwa na nikaha ya mtoto wa dada yake mzee. Tulishuka St Pancras kwa treni, mimi roho juu, nimeagiza teksi mbili kwa makampuni mawili kwa hofu ya moja kutofika. Mzee akaniambia, hebu twende tu hapo stendi. Tukaenda. Teksi nyeusi zimepanga mstari. Dereva wa kwanza, Mzungu wa makamo, akashuka kabla sijafungua kinywa, akafungua mlango, akavuta rampu kutoka chini ya sakafu ya gari kama mtu anavyovuta droo. Mzee akaingia akiangalia mbele, akafungwa, tukaondoka. Hakuna simu wala kuomba. Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni hawakugeuka kutazama, na hilo ndilo lililonigusa kuliko yote: halikuwa jambo.

Sababu ni sheria ya leseni. London tangu Januari 2000 hakuna teksi nyeusi inayopewa leseni kama kiti cha magurudumu hakiingii. Moja kwa moja, zote. Si kumi kati ya mia, si za orodha maalumu. Hizi mpya za umeme, zinazotengenezwa karibu na Coventry, mwenye kiti anakaa akitazama mbele. Zile za zamani unakaa ukitazama nyuma, mgongo kwenye ukuta wa dereva. Ni salama, lakini mzee hupata kichefuchefu, na tuliporudi jioni tulipata hiyo ya zamani. Ndiyo alama moja niliyopunguza.

Kitu kingine kilichonifurahisha. Kuna kanuni ya zamani sana, ya tangu 1906, kwamba teksi ya London lazima iweze kugeuka ndani ya duara la futi 25. Sikuwa nikielewa ya nini. Tulipofika ukumbini, mlango wa rampu ulikuwa upande wa barabara na ukumbi ng'ambo. Dereva akaligeuza gari mara moja tu katika barabara nyembamba, likasimama mlango ukiwa kwenye ukingo wa njia ya miguu. Rampu ikishushwa kwenye ukingo ulioinuka inakuwa karibu tambarare. Ikishushwa barabarani inakuwa mlima, na kilo tisini na mbili kwenye mlima si kazi ya mwanamke wa miaka hamsini na nane. Kanuni ya enzi za farasi ikamshusha mume wangu kwa heshima mbele ya wakwe.

Wakazi wa London wenye ulemavu mkubwa wa kutembea au wa kuona wana pia kadi ya kupunguziwa nauli za teksi. Jamaa wa huko ulizieni kwenye halmashauri zenu. Sisi wa nje haituhusu.

Mtu atasema, basi kila mji ufanye kama London. Nami nilisema hivyo, mpaka somo yangu aliponirudisha. Yeye ana magoti mabovu, anatembea kwa fimbo. Ven yenye sakafu ya juu kwake ni ukuta. Inabidi avutwe mikono kama mzigo. Gari dogo la kawaida anakaa kwanza, halafu anaingiza miguu. Akaniambia, mkiondoa magari madogo stendi, mimi ndiye nitakayebaki mlangoni. Ana haki. Ulemavu si kiti cha magurudumu peke yake, na ndiyo maana serikali inazishauri halmashauri ziwe na mchanganyiko wa magari. Lakini mchanganyiko una maana ikiwa pande zote mbili zipo. Magari mia ya chini na matano ya rampu siuiti mchanganyiko.

Na hata hayo matano hayamtoshi kila mtu. Kipimo cha kiti kinachotumika kuamua gari liingie kwenye orodha ni upana milimita 700, urefu 1,200, na kimo cha aliyekaa 1,350 kutoka chini. Nilimpima mzee kwa futi ya fundi: 1,410. Kwenye vile vigari vidogo vya kuingilia nyuma anasafiri ameinamisha shingo. Kwa hiyo siku hizi nikiagiza nataja kimo chake. Usiseme "kiti cha magurudumu" ukanyamaza. Sema upana, sema kimo, sema kama anahamia siti au hahami, sema mnaingilia ubavuni au nyuma.

Neno kwa ndugu zetu madereva, maana kati ya wanaoendesha teksi nchi hii wamo Waislamu wengi, na jirani yangu asiyeona huachwa kwa sababu ya mbwa wake wa kumwongoza. Sheria haimkubalii dereva kukataa kwa sababu ya dini. Anayesamehewa ni mwenye cheti cha afya kilichotolewa na halmashauri, kwa mfano mwenye pumu kali. Tuweke blanketi kwenye sakafu ya gari, tumbebe mtu. Nalisema kwa uchungu kwa sababu huyo jirani ndiye aliyetuletea chakula wiki nzima mzee alipolazwa.

Nawahurumia pia wenye magari ya rampu. Ile teksi mpya ya umeme ilipotoka ilikuwa zaidi ya pauni 55,000. Anayesajili gari dogo lililotumika hana deni hilo, na katika dakika kumi na mbili za kumpandisha na kumfunga mzee, mita ikiwa imezimwa kama inavyotakiwa, mwenzake amemaliza safari nyingine. Ukimwambia mtu afanye kazi ngumu zaidi kwa gari ghali zaidi na malipo yaleyale, usishangae akipita bila kusimama. Halmashauri inayotaka magari haya ipunguze ada ya leseni yake, au imlipe kitu kwa kila safari ya kiti. Hapo ndipo nitaamini wanamaanisha.

Sasa dereva wetu wa Ijumaa. Tulimpata stendi ya treni, siku nilipoamua kuacha simu na kumsukuma mzee kwa miguu dakika ishirini hadi pale. Alisikia nikimwambia mzee "vuta blanketi," akageuka. "Asalaam aleikum. Nyinyi watu wa wapi?" Ni Mbajuni, amelelewa Mombasa. Akamwamkia mzee shikamoo, mzee akaitika marahaba, na nilimwona mume wangu anakaa wima kwenye kiti.

Gari lake ni la kuingilia nyuma, refu, dari la juu. Rampu anaishusha kwa mkono, ana winchi ndogo ya kumvuta mtu mzito. Mikanda minne anaifunga kwa mpangilio uleule kila mara, halafu anatikisa kiti, halafu anauliza: "Uko sawa, mzee? Shingo?" Mita anaiwasha akishashika usukani. Kwetu hadi msikitini ni pauni 7 na peni 40, haijawahi kuzidi isipokuwa siku ya msongamano wa mpira. Alipoumia mgongo mwaka jana alikwenda kwa daktari na halmashauri ikampa cheti cha kumsamehe kusukuma. Akakibandika kwenye kioo cha mbele kama inavyotakiwa, na akatutafutia mwenzake kwa wiki zile, badala ya kutuacha. Msikitini hamshushi mlango mkuu wenye ngazi. Anazunguka nyuma, penye mlango wa jikoni ulio sawa na ardhi, na vijana wanaosubiri wudhu wanamkuta wanampokea.

Tulipokwenda nyumbani Desemba, Tanga hapakuwa na rampu wala orodha. Palikuwa na bajaji, kiti kimekunjwa na kufungwa nyuma kwa mpira, na vijana wanne wa kijiweni waliomwinua mzee kila tulipotoka, bila kuitwa. Nawashukuru mpaka leo. Lakini mzee aliniambia usiku mmoja kwamba kule kubebwa mikononi mbele ya watu kulimchosha kuliko safari, na kwamba anachokipenda kwa yule Mbajuni ni kuingia garini mwenyewe, kwa magurudumu yake, akiwa amekaa.

Ijumaa hii tumemwagiza saa sita na robo, mapema kidogo kwa sababu ya matengenezo ya barabara. Mzee ameshauliza mara mbili kama kanzu imepigwa pasi.